Ikisiri Haipambwi kwa Mabano: Majibu kwa Wanaotafiti Njombe na Makambako

Kila mwaka, katika hospitali, vituo vya afya na vyuo vya mkoa wa Njombe, kuna watu wanaoketi kuandika ikisiri. Yupo daktari anayetaka kuchapisha alichokiona wodini, muuguzi anayemalizia shahada, ofisa aliyekusanya takwimu za miaka kadhaa za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Wanafika kwenye ukurasa huo mmoja wakiwa wamechoka, na masikio yamejaa mashauri ya wenzao. Baadhi ya mashauri hayo yanapotosha. Nayajibu hapa kwa sababu mkoa huu hauna tafiti za ziada za kupoteza, na ikisiri mbovu huizika kazi nzuri kabla mhariri hajafika ukurasa wa pili.

La kwanza ndilo sugu kuliko yote: kwamba ikisiri ya kitaalamu sharti ijae marejeo, kila sentensi na namba yake kwenye mabano. Fungua maelekezo ya jarida lolote kabla hujaamini hilo. PLOS ONE wanataka ikisiri isiyozidi maneno 300, isiyo na marejeo. Majarida ya BMC yanatoa maneno 350, na marejeo hayaruhusiwi vilevile. Sababu yake ni ya kikazi kabisa. Ikisiri husafiri bila makala yake. PubMed, iliyofunguliwa bure kwa umma mwaka 1997, humwonyesha msomaji ikisiri peke yake. Mganga aliyeko Ludewa akiisoma kwenye simu na kukutana na (3), orodha ya marejeo haipo hapo. Namba hiyo haimpeleki popote, na imekula nafasi ya neno ambalo lingemsaidia. Ikiwa kazi yako inajibu utafiti mmoja mahususi, na jarida linaruhusu, utaje utafiti huo kwa maneno: mwandishi, jarida, mwaka. Vilevile kama mkutano wa kisayansi umeomba marejeo mawili matatu chini ya ikisiri, fuata ulivyoombwa. Nje ya hapo, marejeo yabaki ndani ya makala.

Sasa ikisiri iliyorejewa vizuri ni ipi, kama haina marejeo? Ni ile ambayo kila kauli yake ina pa kushikiwa ndani ya makala. Asilimia iliyotajwa juu ionekane ileile kwenye jedwali. Kauli ya usuli iwe na chanzo chake kwenye utangulizi, na chanzo hicho mwandishi awe amekisoma. Utafiti wa kitaifa utajwe pamoja na mwaka wake. Na kama kazi ni jaribio la kitabibu, namba ya usajili iandikwe mwishoni mwa ikisiri. Hiyo ni kanuni ya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, kamati iliyozaliwa na mkutano wa wahariri uliofanyika Vancouver mwaka 1978. Tangu 2005 majarida ya kamati hiyo hayapokei jaribio ambalo halikusajiliwa kabla ya kuanza, na kwa watafiti wa Afrika ipo rejesta ya PACTR. Namba hiyo moja inamwezesha msomaji wa mbali kulinganisha ulichoahidi na ulichokileta, jambo ambalo mabano kumi hayawezi kulifanya.

Mfano mzuri tunao humu humu nchini. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Mwanza kuhusu tiba bora ya magonjwa ya ngono na maambukizi ya VVU vijijini. Ikisiri yake inaeleza kwamba jamii 12 zilipangwa kwa jozi, na kwamba katika miaka miwili asilimia 1.2 ya watu walipata VVU kwenye jamii zilizopewa huduma hiyo, dhidi ya asilimia 1.9 kwenye zile za kulinganishia. Msomaji anaiona tofauti yenyewe kwa namba zake halisi. Halazimiki kumeza tu sifa kwamba maambukizi yalipungua kwa karibu asilimia 40. Anaweza kupiga hesabu mwenyewe na kuamua kama tofauti hiyo ina maana kwa wilaya yake. Uaminifu wa ikisiri ile umo katika kutoficha namba ya chini.

Shauri la pili linatokana na la kwanza. Ukimwambia mtu aondoe mabano, anadhani sentensi ya usuli imekuwa huru, hivyo anaandika tu kwamba Njombe inaongoza kwa VVU na kusonga mbele. Hapa lazima tukae kidogo, kwa sababu ndipo ikisiri nyingi kuhusu mkoa wetu zinapoteleza.

Takwimu za VVU za Njombe zinazozunguka ni kadhaa, na kila moja ina masharti yake. Utafiti wa kitaifa wa 2007–2008 ulitoa asilimia 15.7, lakini kwa mkoa wa Iringa, wakati ambapo Njombe ilikuwa wilaya zake. Mkoa wa Njombe ulizaliwa rasmi mwaka 2012. Anayeandika kwamba Njombe ilikuwa na asilimia 15.7 anaipa Njombe namba ya eneo ambalo ndani yake ilikuwepo pia Iringa mjini, Kilolo na Mufindi. Utafiti wa 2011–2012 ndio ulioitenga: Njombe asilimia 14.8 na Iringa iliyobaki asilimia 9.1. Ona tofauti iliyokuwa imefichika ndani ya namba moja. Kisha ukaja utafiti wa 2016–2017, Njombe asilimia 11.4, na ule wa 2022–2023, asilimia 12.7.

Mtu akizipanga namba hizo kwa mstari atashawishika kuandika hadithi: maambukizi yalishuka, kisha yakapanda. Ikisiri haiwezi kusema hivyo. Utafiti wa 2011–2012 ulipima watu wa miaka 15 hadi 49, ilhali asilimia za mikoa katika tafiti mbili zilizofuata zinahesabu watu wa miaka 15 na zaidi, wazee wakiwemo. Umri tofauti, kipimo tofauti. Hata kati ya 11.4 na 12.7, ambazo umri wake unalingana, kila kadirio la mkoa lina wigo wake wa makosa ya sampuli, na tofauti ya pointi moja na ushei inaweza kumezwa na wigo huo. Na kuhusu kuongoza, ni kweli Njombe iliongoza katika tafiti zote tatu, lakini mwaka 2016–2017 iliizidi Iringa kwa sehemu moja ya kumi tu ya asilimia, 11.4 kwa 11.3. Neno kuongoza halimwambii msomaji lolote kati ya hayo.

Chukua sentensi ya namna hii, ambayo kila msimamizi wa tasnifu ameshaikuta: Njombe inaongoza kwa VVU Tanzania ikiwa na asilimia 14.8 (1–4). Ina marejeo manne, haina mwaka, haina umri, haina jina la utafiti. Sasa iandike hivi: Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikadiria kuwa asilimia 12.7 ya wakazi wa Njombe wenye miaka 15 na zaidi walikuwa wanaishi na VVU, dhidi ya asilimia 4.4 nchini kote. Mabano hayapo, na bado msomaji anajua aende kwenye ripoti gani, atafute jedwali la umri gani, na alinganishe na nini. Hiyo ndiyo sentensi iliyorejewa.

Udumavu wa watoto una mtego uleule. Utafiti wa lishe wa 2018 uliiweka Njombe juu kuliko mikoa yote, asilimia 53.6 ya watoto chini ya miaka mitano. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta asilimia 50.4 Njombe na 56.9 Iringa. Kwa hiyo kauli kwamba Njombe ndiyo ya kwanza kwa udumavu ina ukweli au haina kutegemea ripoti unayoishika, na mwandishi asiyetaja mwaka anamnyima msomaji nafasi ya kujua. Ni jambo zito mno kuandikwa kwa haraka. Hawa ni watoto wa mkoa unaolima viazi, mahindi, maharage na parachichi na kupakia maroli kwenda kulisha miji mingine.

Shauri la tatu linawahusu zaidi wa Makambako: kwamba takwimu ya mkoa inatosha kuisemea wilaya, mji, hata kata. Haitoshi. Tafiti hizo za kitaifa zilipangwa kutoa makadirio ya mkoa, na sampuli yake haikugawanywa ili kuusemea mji mmoja. Na Makambako ina mwendo wake. Hapo barabara kuu ya kwenda Mbeya inaachana na ile ya Njombe na Songea, treni ya TAZARA inasimama, maroli yanalala, wafanyabiashara wa mazao wanakuja na kuondoka. Ukikusanya takwimu kwenye kliniki mjini hapo, sehemu ya watu kwenye rejesta yako si wakazi. Dereva aliyepimwa Jumanne, kufikia Alhamisi yuko Tunduma. Kwa hiyo usiandike kwenye hitimisho kwamba wakazi wa Makambako wana kiwango fulani cha ugonjwa. Andika ulichokipima: waliohudhuria kliniki ya huduma na tiba ya VVU (CTC) ya hospitali moja mjini Makambako, kati ya mwezi huu na ule, wangapi walioandikishwa, wangapi waliokuwa na kumbukumbu kamili. Na asilimia isikae peke yake kamwe. Asilimia 40 ya watu 20 ni watu 8. Msomaji akiona 8 kati ya 20 ataipa uzito wake unaostahili.

Kuna wanaoshauri kwamba marejeo si lazima kuyasoma yote. Inatosha kuyatoa kwenye orodha ya mwenzako aliyechapisha mwaka jana, au kusoma ikisiri za PubMed tu. Jambo hilo wanafunzi wanaliita kudesa, na wapo wasimamizi wanaolifumbia macho. Madhara yake yanajulikana. Mwaka 1980 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua fupi ya aya moja iliyosema kwamba kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa za maumivu za jamii ya afyuni wakiwa wamelazwa hospitalini, ni wanne tu walioonekana kupata uraibu uliothibitika. Barua ile ilinakiliwa kutoka orodha hadi orodha. Watafiti walipoifuatilia mwaka 2017 walikuta imerejelewa mara 608, na takriban asilimia 72 ya waliorejelea waliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra. Asilimia 81 hawakutaja kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa. Waandishi walirithi kauli bila kurithi masharti yake, na kauli hiyo ikasaidia kuwatuliza madaktari wa Marekani waliokuwa wakiandika dawa hizo kwa wagonjwa wa nje, kwa miezi na miaka.

Kusoma ikisiri peke yake nako hakuokoi. Mwaka 1999 jarida la JAMA lilichapisha uchunguzi wa ikisiri za majarida sita makubwa ya tiba. Ikisiri zenye namba zisizolingana na makala, au zisizopatikana kabisa ndani yake, zilikuwa kati ya asilimia 18 na 68 kutegemea jarida. Hayo ni majarida yenye wahariri wa kulipwa na wahakiki wa kila fani. Ukinakili asilimia kutoka kwenye ikisiri ya mwenzako, huenda unanakili kosa lake. Najua hoja inayofuata, kwamba makala kamili zinauzwa kwa dola na mshahara wa muuguzi haufiki huko. Lakini Shirika la Afya Duniani na wachapishaji walianzisha mpango wa Hinari mwaka 2002 hasa kwa ajili ya taasisi za nchi kama yetu. Hospitali au chuo kinachokidhi masharti kinajisajili, na watu wake wanasoma makala kamili bure au kwa ada ndogo. Kama hospitali yako haijajisajili, huo ndio mjadala wa kuupeleka kwenye kikao cha uongozi wiki hii. Wakati huohuo, makala nyingi kuhusu Tanzania ziko wazi kabisa kwenye majarida ya PLOS na BMC.

Ndani ya ushauri huo wa njia za mkato umeingia mwingine mpya: akili mnemba iandike ikisiri na ilete marejeo. Programu hizi zina msaada wake, hasa kwa mtu anayeandika Kiingereza kama lugha yake ya tatu baada ya Kibena na Kiswahili. Kurekebisha sarufi si dhambi. Hatari iko kwenye marejeo. Programu inaweza kukutungia makala ambayo haipo, ikiwa na majina ya watafiti wanaofahamika, jina la jarida la kweli na hata namba ya DOI inayofanana na halisi. Kila rejeo lipite kipimo kimoja: fungua DOI yake, au tafuta kichwa chake PubMed, uone makala yenyewe na usome sehemu unayoitegemea. Lisilofunguka, lifute. Kamati ya wahariri niliyoitaja iliongeza mwaka 2023 kwamba programu haiwezi kuwa mwandishi wa makala, na kwamba aliyeitumia lazima aseme ameitumia kwa kazi gani. Ukipitia marejeo, angalia pia kama makala haijaondolewa na jarida. Mwaka 2020 Lancet ililazimika kuiondoa makala kubwa kuhusu dawa ya hydroxychloroquine kwa wagonjwa wa UVIKO-19, wiki chache tu baada ya kuitoa, kwa sababu takwimu zake hazikuweza kuthibitishwa.

Wengine wanasema ikisiri iandikwe kwanza ili iongoze kazi. Andika mpango wa utafiti kwanza. Ikisiri iandikwe majedwali yakiwa yamefungwa, basi.

Nije kwenye hitimisho la ikisiri, ambapo ushauri wanaonong'onezwa vijana ni kwamba matokeo yakikataa, maneno yanaweza kuyapendezesha, la sivyo jarida halitapokea. Ugonjwa huu hauko kwetu tu. Mwaka 2010 JAMA ilichapisha uchambuzi wa ripoti 72 za majaribio ambayo matokeo yake makuu hayakuonyesha tofauti ya kitakwimu. Katika zaidi ya nusu, asilimia 58, hitimisho la ikisiri lilipakwa rangi ili tiba ionekane ina faida. Daktari mwenye wagonjwa 60 foleni asubuhi atasoma sentensi hiyo ya mwisho na kuandika dawa kwa kuifuata. Mgonjwa aliyetoka Wanging'ombe kwa nauli ya kukopa ndiye anayelipia rangi hiyo. Nami sikubali kwamba matokeo yasiyo na tofauti hayachapishiki. Baada ya Mwanza, jaribio la Rakai nchini Uganda, mwaka 1999, liliripoti kwamba kutibu magonjwa ya ngono kwa wingi hakukupunguza VVU, na likachapishwa Lancet, jarida lilelile. Watafiti wa dunia nzima walijifunza kwa kulinganisha kazi hizo mbili, kwa sababu kila moja ilisema ilichokikuta.

Linabaki shauri linaloniumiza kuliko mengine: kwamba haya ni mambo ya Muhimbili na Bugando, na mtu wa hospitali ya halmashauri aliyeshika rejesta ya MTUHA hana cha kuandikia jarida. Mwaka 2011 PLoS Medicine ilichapisha makala kuhusu kampeni ya tohara ya hiari mkoani Iringa, wakati Njombe ikiwa bado ndani yake. Katika wiki sita za mwaka 2010 wanaume na wavulana 10,352 walitahiriwa, na madhara yaliyotokana na huduma yalikuwa karibu asilimia 1. Msingi wake ulikuwa kazi ya huduma ya kila siku, wauguzi na matabibu wakijaza fomu vizuri. Takwimu za rejesta ni utafiti halali zikitanguliwa na swali lililo wazi na kibali cha maadili. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina kituo Mbeya, na mwongozo wa STROBE wa kuripoti tafiti za uchunguzi unapatikana bure. Unachodaiwa kwenye ikisiri ni kusema rejesta ipi, kipindi gani, kumbukumbu ngapi zilikuwa na mapengo na ulizifanyaje. Wahakiki huheshimu mapengo yaliyotajwa.

Na wanaodai kwamba ikisiri ya Kiswahili ni kupoteza muda, kwa kuwa majarida ni ya Kiingereza, wamesahau nani alitoa damu na majibu. PLOS wanapokea tafsiri ya ikisiri kama kiambatisho cha makala. Mtafiti aiandike mwenyewe, ikiwa na namba zilezile, umri uleule na mwaka uleule kama ya Kiingereza, bila kupunguza mapengo wala kuongeza sifa. Kisha aipeleke kwenye kituo alikokusanya takwimu, na kwa Timu ya Usimamizi wa Huduma za Afya ya Halmashauri, Njombe au Makambako, kabla Mpango Kabambe wa Afya wa mwaka unaofuata haujafungwa.